Ukienda Gisenyi, Acha Mazoea ya Ziwa Lako

Wageni wengi wanaofika Gisenyi, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu, wanafika wakiwa hoi. Wametoka Musanze kuona sokwe wa milimani kwa kibali cha dola 1,500 kwa kichwa, mifuko imekauka, magoti yanauma, na aliyewapangia safari amewaambia kwamba ziwani ni pa kupumzikia usiku mmoja kabla ya kurudi Kigali. Wanaingia jioni, wanapiga picha, wanalala, asubuhi haooo. Ukiwauliza baadaye Ziwa Kivu likoje, watakuambia ni zuri. Basi.

Makala haya ni ya msafiri mwingine, yule anayetoka Dar, Mwanza, Kisumu, Kampala au Bujumbura kwa ajili ya ziwa lenyewe. Huyu anakuja na faida moja kubwa: anajua ziwa ni nini. Amekulia kando ya Victoria au Tanganyika, au ana shangazi aliyeolewa huko, na tangu utotoni anajua mtumbwi, dagaa, mawimbi na onyo la mama kuhusu mamba. Shida ni kwamba ujuzi huo huo ndio unaoweza kumponza. Kivu ni ziwa la mlimani. Liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu mita 700 juu ya Tanganyika na zaidi ya mita 300 juu ya Victoria, na tabia zake ni za kwake. Ukiyaacha mazoea ya ziwa lako nyumbani, Gisenyi itakupa siku tatu tamu kuliko nyingi ulizowahi kulipia.

Tuanze na kuoga, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mgeni. Kivu haina mamba. Viboko nao hawahesabiwi miongoni mwa hatari za hapa. Mtu aliyezoea kuchota maji huku jicho moja liko kwenye magugu akisikia hivyo mwili wote unalegea, anavua shati na kukimbilia majini. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Sehemu nyingi za Ziwa Victoria unaweza kutembea majini hatua nyingi na maji bado hayajafika kifuani. Huku usijaribu. Kivu ni bonde lililofurika: volkano za Virunga zilimwaga lava zikaziba njia ya maji iliyoelekea kaskazini, maji yakapanda yakajaza bonde na vijibonde vyake, mpaka yakapata mlango upande wa kusini, Mto Ruzizi, unaoyateremsha hadi Tanganyika. Kwa hiyo ufuko unaouona Gisenyi ni ubavu wa mlima ulioingia majini, na mteremko wake unaendelea kwenda chini vilevile kama ulivyokuja kutoka juu. Kina kinafika mita 480 hivi. Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, kina chake kinaishia kwenye mita 80 na kitu.

Maana yake kwa mwogaji ni rahisi. Kama hujui kuogelea, simama pale unapoona watoto wa mjini wanacheza na usipite hapo, hata kama mchanga unakushawishi. Kama unajua, ogelea sambamba na ufuko, usielekee katikati. Maji ya juu yana nyuzi 23 au 24, si ya kuganda, lakini ukitoka upepo wa mlimani unakukamata, kwa hiyo taulo na sweta viwe karibu. Na jua la mwinuko huu linadanganya: hewa ni baridi, huhisi kuungua, jioni ndipo mabega yanapokusimulia. Kuhusu kichocho, kanuni ni ile ile ya kila ziwa: epuka vighuba vya maji yaliyotulia penye nyasi na konokono, oga penye mawimbi na mchanga, na ukirudi nyumbani ukiwa na wasiwasi, pima.

Sasa gesi. Utasikia habari zake kabla hujafungua begi, na mara nyingi zitasimuliwa kwa kutiwa chumvi, kwa hiyo ni vizuri uje unazijua. Kuanzia kina cha mita 250 hivi kwenda chini, maji ya Kivu yamebeba gesi iliyoyeyuka: hewa ukaa ya kilomita za ujazo zipatazo 300, na methani ipatayo 60. Inakaa kule kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika hewa ukaa usiku mmoja, na watu wapatao 1,700 waliokuwa bondeni wakafa bila kuona moshi wala moto. Nyos ni kidimbwi tu ukiliweka kando ya Kivu, ndiyo maana wanasayansi hawachoki kulipima hili.

Je, hiyo ni sababu ya kutokwenda? Kwa maoni yangu, hapana. Ili maji ya chini yatikisike hadi juu linatakiwa tukio kubwa mno. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia ziwani Januari 2002 haikuitikisa gesi ile. Isitoshe, Wanyarwanda wameigeuza kuwa mali. Kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa hapa Gisenyi mwaka 1957, kilikuwa kikichemsha kwa methani ya ziwa tangu miaka ya 1960. Karongi kuna mtambo wa KivuWatt uliozinduliwa mwaka 2016, megawati 26, na hapa Rubavu, wilaya ya Gisenyi yenyewe, kuna wa Shema Power, megawati 56. Ukisimama ufukweni asubuhi isiyo na ukungu unaweza kuona mitambo ikielea mbali kwenye maji. Gesi hiyo hiyo inayokutia hofu huenda ndiyo inayokuchajia simu.

Cha kuhofia zaidi ni kidogo na kiko karibu: mazuku. Ndivyo wenyeji wa Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, na jirani zao wanavyoiita hewa ukaa inayopenya kutoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde madogo ya miamba ya volkano, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na imeshaua watu na mifugo. Nyingi ziko upande wa Kongo, lakini somo linahusu eneo zima. Usiruhusu watoto wacheze kwenye mashimo na mapango ya mawe meusi. Ukikuta maji yanatoa mapovu pasipo mtu anayeoga, usiwe wa kwanza. Na kanuni inayofunika zote: oga wanapooga wenyeji.

Ufuko wa wazi wa mjini hauna kiingilio. Kuna miti mikubwa ya kivuli, barabara ya lami nyuma yake, na majumba ya zamani ya enzi za Wabelgiji, mengine yamekarabatiwa na mengine yamejikunja kwenye bustani zake. Siku za wiki utakuta wanafunzi wamevua viatu, vijana wakipiga picha, mama akiuza karanga na mayai ya kuchemsha. Jumamosi na Jumapili mambo hubadilika: Kigali yote inateremka, muziki unapanda, bei za vyumba zinapanda nao. Ukiweza, fika Jumapili jioni wakati wao wanaondoka. Chumba kile kile kitakuwa na bei nyingine na ziwa litakuwa lako.

Kuhusu pa kulala, gawa siku zako. Usiku wa kwanza lala mjini, uwe karibu na ufuko, soko na stendi. Serena ndiyo hoteli kubwa ya kando ya maji, na kwa asiye na fedha za Serena kuna nyumba za wageni nyingi mtaa wa juu, zikiwemo za makanisa, safi na tulivu, ingawa baadhi zinafunga lango mapema. Usiku wa pili hamia Rubona, kilomita sita au saba kusini. Barabara inaambaa na ziwa, inapanda kilima, kisha Rubona inajitokeza kwenye ghuba yake: kiwanda cha bia, mitumbwi, nyumba za wageni zilizoshikilia mteremko. Mimi ningeanzia huko kabisa kama si mizigo. Mji unakupa ziwa la kutazama. Rubona inakupa ziwa linalofanya kazi.

Hapo Rubona, eneo la Nyamyumba, kuna chemchemi za maji ya moto zinazotoka kando kabisa ya ziwa. Wenyeji wanaziita amashyuza na wanakuja kujitibu: mwenye mgongo, mwenye miguu, mzee aliyeteguka, mama aliyetoka kujifungua. Maji yanapotoka ardhini yanaunguza kweli, usitumbukize mguu kwa kuiga mtu. Subiri uone wanapokaa, pale ambapo maji ya moto yanakutana na ya ziwa. Mara tu ukifika vijana watakuzunguka wakitaka kukukanda. Wengine wana mikono mizuri, lakini patana bei kabla hujalala kifudifudi, maana ukishapakwa udongo mgongoni huna tena nguvu ya kubishana.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo sababu ya safari nzima. Uwe ufukweni Rubona kuanzia saa kumi na moja jioni. Kabla giza halijaingia, wavuvi wa sambaza wanatoka. Chombo chao hukioni Mwanza wala Kigoma: ni mitumbwi mitatu ya mbao iliyofungwa pamoja kwa miti, na miti mingine mirefu, myembamba, imechomoza mbele na nyuma kama sharubu za kamba. Kati ya mitumbwi hiyo ndimo wavu unamoteremshwa. Wapiga kasia wanaimba, mmoja anaanzisha na wengine wanajibu, na kasia zinaingia majini kwa mpigo wa wimbo. Wakiwa wawili watatu wametoka kwa pamoja, nyimbo zinapishana juu ya maji. Usiku wanawasha taa kuvuta samaki, kama wenzao wa Tanganyika na karabai zao, na ziwa linajaa vijinuru. Alfajiri wanarudi.

Sambaza wenyewe ni wageni hapa. Ni jamii ya dagaa wa Tanganyika waliochukuliwa huko na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu ziwa hili, pamoja na Ruzizi kuliunganisha na Tanganyika, halikuwa na samaki wa namna hiyo. Mto ule unaporomoka kwa kasi mno kwa samaki mdogo kuupanda. Leo ndio uti wa mgongo wa uvuvi wote wa Kivu. Ukimwambia Mkigoma kwamba alichokula Gisenyi ni ndugu wa dagaa wake, atakubishia kwanza halafu ataagiza sahani ya pili.

Na namna ya kuwala: wa kukaangwa, wakavu, wanaovunjika mdomoni, wakamuliwe limau na kupigwa matone mawili ya Akabanga. Narudia, mawili. Akabanga ni mafuta ya pilipili ya Sina Gérard yanayouzwa katika kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, na kichupa hicho hakikuwa kidogo kwa ubahili. Anayekamua kama tomato ya chipsi atalia mbele za watu. Sambaza wanaletwa kwa ndizi au viazi, na viazi vya huku, vilivyolimwa kwenye udongo mweusi wa volkano, usivipite. Mishikaki wanaiita burusheti. Ukisikia zingalo, hiyo ni ya utumbo wa mbuzi, mviringo, na wenyeji wanaiheshimu kuliko ya nyama. Chai ya maziwa na tangawizi inakuja ndani ya chupa nzima, hata kama uko peke yako.

Ila kuna miezi ambayo sambaza watakuwa haba. Kila mwaka serikali ya Rwanda hufunga uvuvi Kivu kwa miezi miwili hivi, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili samaki wazaane. Mitumbwi inakaa ufukweni, nyimbo hakuna, na sambaza utakaopewa ni wa kukaushwa au hakuna kabisa. Wengi hawalijui hili, kwa sababu Agosti ndiyo kiangazi na ndiyo miezi ya watalii. Kama shida yako ni jua na picha, njoo Julai au Agosti. Kama unataka ziwa lenye watu wake, jaribu Juni, au Januari na Februari, ambapo mvua nayo hupungua.

Machi hadi Mei ni masika, na hapo nasema wazi: usije. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, watu zaidi ya 130 wakafa, na Mto Sebeya, unaoshuka hadi ziwani karibu na hapa, ulitoka kingoni ukabomoa nyumba za bondeni. Barabara ya kutoka Kigali inapita kwenye miteremko ya namna hiyo hiyo. Hata mvua isipoleta maafa, Sebeya inamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa ziwani kwa siku kadhaa, na hutapenda kuoga karibu na mlango wake.

Aprili ina sababu nyingine nzito kuliko mvua. Tarehe 7 Aprili Rwanda inaanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wiki inayofuata ni ya maombolezo ya taifa: hakuna muziki, hakuna sherehe, watu wanakusanyika kusikiliza na kukumbuka. Gisenyi yenyewe ina makaburi yanayoitwa Commune Rouge, pale watu walipouawa na kutupwa, na sasa ni ukumbusho. Ukiwa na saa moja, nenda siku yoyote ya mwaka, ukiwa umevaa kwa heshima na simu iko mfukoni. Lakini usipange fungate yako kwa wiki ile. Na mwaka mzima, hata mkizoeana vipi na mwenyeji, usimuulize kabila lake. Huko nyumbani ni swali la kuanzishia mazungumzo, hapa linayafunga.

Safari yenyewe si ngumu. Kigali hadi Gisenyi ni kilomita 155 hivi, na basi dogo kutoka stendi ya Nyabugogo linachukua saa tatu na zaidi kidogo. Tiketi ina saa yake, na basi linaondoka kwa saa hiyo hata likiwa na viti vitupu, jambo linalowashangaza wengi wetu. Mwenye kichefuchefu akae mbele: barabara ni kona juu ya kona mpaka Musanze, na zile za Buranga hazina huruma. Katikati ya njia, Nyirangarama, mabasi husimama kwenye maduka ya Sina Gérard huyo huyo wa pilipili. Shuka, nyosha miguu, nunua burusheti na viazi, choo ni safi. Baada ya Musanze unapanda tena kwenye baridi na ukungu wa Nyabihu, masikio yanaziba, kisha barabara inaanza kuteremka kupitia Mahoko na Nyundo, mashamba ya chai ya Pfunda yanapita dirishani, na ghafla chini kabisa unaona maji.

Anayetoka Uganda kupitia Kisoro asiende hadi Kigali bure. Apitie mpaka wa Cyanika, atue Musanze, achukue basi la Gisenyi hapo. Mtanzania anayepitia Rusumo abebe pasipoti. Mkenya na Mganda wanaruhusiwa kuingia kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014, ila kadi ya chanjo ya homa ya manjano wote tuwe nayo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na mpakani wanaikagua kweli. Kumbuka pia kurudisha saa yako nyuma, isipokuwa kama umetoka Bujumbura: Rwanda iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, lakini akili haitajirekebisha. Siku ya kwanza utaamka kabla ya kila mtu, na kwa ziwa hili hiyo ni bahati, kwa sababu Kivu ya saa kumi na mbili asubuhi ni laini na Kivu ya alasiri ina upepo.

Upepo huo ndio utakaoamua habari za boti. Ufukweni mjini na Rubona utapata wenye boti za kukutembeza. Toka asubuhi. Kabla hujalipa, omba kuona majaketi ya kujiokolea, hesabu yawe sawa na idadi yenu, livae na ulifunge, usilikalie. Ukiambiwa "hayo tunayavaa tukifika katikati", tafuta boti nyingine. Mvua za mlimani hazipigi hodi. Wingu linaweza kuvuka kutoka upande wa Kongo wakati mko mbali na nchi kavu. Na mweleze nahodha msikaribie mpaka wa ziwa. Hakuna waya wala boya la kukuonyesha Kongo inapoanzia, lakini askari wa doria wa pande zote wanajua.

Kwenye nchi kavu mpaka uko dhahiri. Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na geti. Kuna geti la kando ya ziwa, na kuna lile wanaloliita Petite Barrière, ambalo siku za amani hupitwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao akina mama wenye mabeseni ya nyanya, karoti, maziwa na samaki. Kusimama kwa mbali na kutazama mtiririko ule ni somo la biashara. Kupiga picha, hapana, wala askari, wala jengo. Na kuvuka kwenda Goma "kuona tu" sikushauri. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, risasi na makombora yalivuka yakaua raia upande wa Rubavu. Hali ya mpaka hubadilika kwa wiki, wakati mwingine kwa siku, kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo soma habari za wiki hiyo na umpigie simu mwenye nyumba ya wageni. Yeye anajua kuliko kampuni iliyoko Arusha.

Mwulize pia habari za Nyiragongo. Mlima huo wenye mita 3,470 uko upande wa Kongo, lakini unatawala anga la Gisenyi, na kuna majira ambapo usiku wingu lililo juu yake huwa jekundu kwa mwanga wa lava. Ulilipuka mwaka 1977, 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Mara hiyo ya mwisho lava haikufika Gisenyi, ila matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua barabara na nyumba za mjini, na maelfu ya watu wa Goma walikimbilia upande huu. Mpango wako uwe mfupi: ardhi ikianza kutikisika mara kwa mara, usingoje kuona, panda basi la Musanze. Ukitaka kuutazama mlima bila kuusogelea, panda kilima cha Rubavu kilicho nyuma ya mji asubuhi mapema; unaona miji yote miwili, ziwa na volkano kwa mkupuo.

Lugha haitakusumbua. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini Gisenyi haikungoja sheria. Biashara na Goma ilikileta zamani. Kitakuwa Kiswahili cha Kongo, chenye "iko" nyingi na bei zinazotajwa kwa Kifaransa, nawe usijitie mwalimu wa sarufi sokoni. Anza na "mwaramutse" asubuhi au "mwiriwe" kuanzia mchana, malizia na "murakoze", katikati endelea na Kiswahili chako. Pikipiki za abiria zinaitwa moto, zinabeba mtu mmoja tu na helmeti ni lazima. Malipo mengi ni kwa MoMo, yaani pesa ya simu. Mwenye laini ya nyumbani abebe faranga za kutosha, maana mama wa karanga hana mashine ya kadi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja: hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa na magari hayatembei, kwa hiyo usiweke safari yako hapo.

Ukibaki na siku ya ziada na miguu yenye nguvu, njia ya Congo Nile Trail inaanzia hapa hapa Rubavu, kilomita 227 kuambaa na ziwa hadi Rusizi. Huna haja ya kuimaliza. Kodi baiskeli na mwongozaji, nenda siku moja kusini kwenye vijiji vya kahawa na migomba, lala huko au urudi. Milima ni mikali kuliko ramani inavyoonyesha, na watoto watakukimbilia kila kona.

Tiketi ya kurudi Kigali inunue siku moja kabla, hasa kama unaondoka Jumapili, maana kufikia saa nane mchana mabasi yote ya jioni yameshajaa. Asubuhi ya kuondoka pitia sokoni uchukue nusu kilo ya sambaza wakavu. Muuzaji atakufungia kwenye karatasi. Weka ndani ya chombo chenye mfuniko, kwa sababu basi zima litajua umebeba nini.